Mafuta Yanayonaswa Juu ya Jiko

Nchi ya Kericho na Bomet inajulikana kwa chai yake, lakini chai peke yake haishibishi. Kila siku, kabla jua halijachomoza, wapishi huwasha moto katika shule za bweni, hospitali, hoteli, vyuo na kantini za mashamba. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga, wagonjwa wa hospitali za Longisa na Tenwek, na wasafiri wanaoshuka katika vituo vya mabasi vya Kericho, Litein, Sotik na Bomet, wote hula chakula kilichopikwa na watu wasiowaona.

Juu ya majiko makubwa ya namna hiyo, mahali ambapo macho ya wengi hayafiki, aghalabu huwekwa sanduku la bati la kukusanya moshi. Ndani yake mna machujio ya chuma, nyuma ya machujio mna bomba, na mwisho wa bomba mna feni inayovuta moshi na kuutupa nje. Watu wengi hudhani kwamba vyombo hivyo, vikiisha kufungwa na fundi, havidai kitu kingine. Dhana hiyo ni ya hatari. Chujio hunasa mafuta, lakini haliyaondoi. Mafuta yaliyonaswa hukaa palepale, juu ya moto, mpaka mtu ayaondoe kwa mkono wake.

MAFUTA HUPANDAJE JUU?

Mpishi anapokaanga chipsi, mandazi au samaki, sehemu ndogo ya mafuta hugeuka mvuke na matone madogo sana yasiyoonekana. Matone hayo huchukuliwa na hewa ya moto na kupanda pamoja na moshi. Yakikuta kitu cha baridi hushikamana nacho na kuganda. Ndiyo sababu ukuta wa jikoni hunata ukiguswa, hata kama hakuna mtu aliyemwaga mafuta juu yake.

Chujio la kufaa kwa jiko la biashara limetengenezwa kwa mabamba ya chuma yaliyokunjwa na kupangwa kwa kupishana. Hewa ikifika hapo hulazimika kupinda mara mbili au tatu ili ipite. Hewa ni nyepesi, hupinda upesi. Tone la mafuta ni zito, halipindi upesi, basi hugonga bamba na kushikwa. Kisha mafuta hutiririka chini katika mfereji mdogo na kuingia katika kikombe cha kuyakingia. Kwa hiyo machujio hayo hayalazwi. Huwekwa yakiwa yameinama, pembe isiyopungua nyuzi 45 kutoka usawa wa sakafu, na mikunjo yake husimama wima. Mtu akiyarudisha kwa upande, mikunjo ikalala, mafuta hayana njia ya kushuka. Hujaa ndani na kudondokea chakula.

Liko pia chujio la wavu, kama lile la majiko ya nyumbani. Wavu huziba upesi, na ukishika moto huwaka na kuupitisha ndani ya bomba. Wavu peke yake haufai kuwekwa juu ya karai la kukaangia katika hoteli au shule.

TABIA YA NCHI YA MILIMANI

Mambo haya ni yale yale kila mahali duniani, lakini nchi ya chai ina shida zake.

Shida ya kwanza ni baridi. Mji wa Kericho uko juu ya bahari kiasi cha meta 2,000. Usiku na alfajiri bomba la bati lililotokeza nje ya ukuta huwa baridi sana, na mvuke wa mafuta ukilifikia huganda upesi kuliko ambavyo ungeganda Mombasa au Kisumu. Hivyo bomba la huku yafaa lichunguzwe mara nyingi zaidi.

Shida ya pili yatokana na kimo hicho hicho. Maji ya Kericho huchemka kwenye joto la nyuzi 93 hivi za Selsiasi, wala hayafiki 100. Maharagwe na githeri huchelewa kuiva, jiko huwaka kwa saa nyingi, na moshi unaopita katika machujio huwa mwingi.

Shida ya tatu ni mvua, ambayo hunyesha karibu miezi yote ya mwaka. Bomba lisilo na kifuniko kizuri huingiza maji, bati hushika kutu, na maji yaliyochanganyika na mafuta hurudi chini mpaka kwenye feni na nyaya za umeme.

Shida ya nne ni ya watu wenyewe. Kwa kuwa kuna baridi, wapishi hufunga milango na madirisha yote. Madhara ya jambo hilo yataelezwa mbele.

MADHARA YA KUACHA UCHAFU

Mfanyakazi wa kiwanda cha chai hahitaji somo refu juu ya hatari hii. Anajua kwamba nyuzi na vumbi la chai hujikusanya kwenye mitambo ya kukaushia, na kwamba visipoondolewa vyaweza kushika moto. Mafuta ya jikoni ni hivyo hivyo, tena ni mabaya zaidi, kwa sababu yamefichika.

Mafuta mengi ya kupikia huanza kutoa moshi joto likipita nyuzi 200 na kitu. Yakifika nyuzi 350 hivi yaweza kuwaka yenyewe bila kuguswa na mwali. Karai likiwaka chini ya machujio safi, aghalabu moto huo hufunikwa ukaisha. Lakini likiwaka chini ya machujio yaliyojaa mafuta, mwali hupanda, hushika machujio, huingia bombani, na bomba lote huwa kama utambi. Bomba hilo hupita darini, karibu na boriti za mbao. Mtu aliye chini aweza kudhani kwamba moto umekwisha, kumbe paa limekwisha kushika.

Madhara ya pili hayana kelele. Chujio lililoziba halipitishi moshi, na moshi usiotoka huvutwa na mpishi. Mwaka 2010 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitoa kitabu kinachosema kwamba moshi wa kuni ndani ya nyumba, na pia moshi wa kukaanga kwa joto kali, yaelekea huleta saratani kwa binadamu. Licha ya hayo, moto wa kuni na wa makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kikiuma na kizunguzungu kikiwashika wapishi kadhaa kwa wakati mmoja, hiyo ni dalili ya hewa mbaya. Watoke nje mara moja, kisha sababu itafutwe.

KAZI YA KILA SIKU

Katika jiko linalokaanga kila siku, machujio yaoshwe kila siku, baada ya chakula cha mwisho. Katika jiko linalopika ugali, wali na mboga tu, mara moja kwa juma yaweza kutosha. Kazi yenyewe haina ugumu, ila ifuatwe kwa utaratibu huu:

1. Moto wote uzimwe na majiko yaachwe yapoe. Feni izimwe. Karai la mafuta liondolewe au lifunikwe. Watu wengi wameungua kwa kusimama juu ya ukingo wa jiko ili kufikia machujio. Itumike ngazi imara, na sakafu ipanguswe kwanza isiteleze.

2. Machujio yatolewe moja moja kwa mikono yenye glavu. Kikombe cha kukingia mafuta kimwagwe katika mkebe wenye kifuniko.

3. Machujio yalowekwe katika maji ya moto sana yenye sabuni ya vyombo kwa muda wa dakika 15 au 20, kisha yasuguliwe kwa burashi kila mkunjo na kusuuzwa.

4. Wakati machujio yamelowa, mfereji wa mafuta na sehemu ya ndani ya kofia ya bati ipanguswe kwa kitambaa chenye sabuni. Maji yasirushwe kwenye taa wala kwenye swichi.

5. Machujio yakaushwe kabisa, kisha yarudishwe mikunjo ikiwa wima, yakigusana bila nafasi katikati. Pengo la upana wa kidole latosha kupitisha mafuta mengi bombani.

Kuna onyo juu ya dawa. Wako wanaotumia magadi, au soda kali ya kuzibulia mabomba, kwa kuwa huondoa mafuta upesi. Kwa chujio la chuma kisichoshika kutu, soda yaweza kutumiwa kwa uangalifu, macho na mikono ikikingwa. Lakini machujio mengi ni ya alumini, na soda hula alumini. Chujio hugeuka jeusi, huliwa polepole, na soda kali ikikutana na alumini hutoa hewa inayoweza kulipuka. Asiyejua chujio lake ni la namna gani na atumie sabuni ya kawaida na maji ya moto.

Maji machafu nayo yana pahali pake. Mafuta yakimwagwa katika sinki huganda katika mabomba ya baridi na kuyaziba. Yakimwagwa mtaroni huenda mtoni. Mto Nyangores unaopita Bomet huungana na Amala na kuwa Mto Mara, na watu wengi na mifugo mingi huko chini hunywa maji hayo. Yafaa jiko kubwa liwe na shimo la kunasa mafuta kabla maji hayajatoka, na shimo hilo nalo lisafishwe.

KAZI YA JUMA, YA MWEZI NA YA MWAKA

Kila juma mpishi mkuu afanye jaribio dogo. Feni ikiwa inazunguka, na kabla moto haujawashwa, ashike kipande cha karatasi nyembamba mbele ya kila chujio, kisha akiachie. Karatasi ikivutwa na kushikamana na chujio, hewa yapita. Ikianguka, kuna kasoro: chujio limeziba, au mkanda wa feni umelegea, au bomba limejaa, au chumba hakina hewa ya kuingia.

Kila mwezi fundi au mtunza jengo, umeme ukiwa umekatwa, atazame feni yenyewe. Mafuta yakiganda juu ya mapanga ya feni, huzunguka kwa kuyumba, mota hupata joto, na mwisho huungua. Mkanda uliopasuka ubadilishwe. Kifuniko cha mvua kitazamwe, na viota vya ndege viondolewe.

Bomba lina kanuni zake. Shirika la NFPA la Marekani, ambalo kanuni yake namba 96 hutumiwa na mafundi wa nchi nyingi, lasema kwamba mfumo wote uchunguzwe kila mwezi pale panapopikwa kwa kuni au makaa. Kila miezi mitatu pale panapopikwa kwa wingi au usiku na mchana. Kila miezi sita kwa jiko la kadiri. Na mara moja kwa mwaka kwa jiko linalotumika kidogo. Mafundi wa Uingereza nao huhesabu unene. Utando wa mafuta bombani ukifika wastani wa mikroni 200, yaani sehemu ya tano ya milimita, husema wakati wa kusafisha umefika. Unene huo ni kama karatasi mbili tu za daftari zilizowekwa pamoja. Kwa hiyo mtu asingoje mpaka aone mafuta yakining'inia.

Bomba halisafishwi na mpishi. Ni kazi ya fundi mwenye vyombo vyake, naye hulikwangua mpaka bati lenyewe lionekane. Ili aweze kufanya hivyo, bomba liwe na milango midogo ya kufungulia, hasa kwenye kona. Mwenye hoteli anayejenga jiko jipya na adai milango hiyo tangu mwanzo, na pia adai bomba liwe mbali na mbao kiasi cha inchi 18 kama halikukingwa kwa njia nyingine.

Baadhi ya hoteli kubwa huongeza chujio la makaa maalumu ili kuondoa harufu isiwasumbue majirani. Makaa hayo hayaoshwi. Yakijaa hubadilishwa. Na yakiwa nyuma ya machujio machafu, hujaa mafuta kabla ya wakati wake, na fedha hupotea.

FENI YATAKA HEWA

Feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia. Mtu akifunga mlango na madirisha yote kwa sababu ya baridi ya asubuhi, feni hulia lakini moshi hauendi. Tena, jiko la kuni likiwa katika chumba hicho hicho na lina dohani yake, feni yenye nguvu yaweza kuvuta hewa kwa kupitia dohani hiyo, na moshi wa kuni ukarudi ndani pamoja na sumu yake.

Dawa yake ni kuacha nafasi ya hewa kuingia, iliyo ya kudumu na isiyozibwa kwa magunia, tena iliyo mbali na feni ili hewa ipite juu ya majiko. Ikiwekwa upande ambao upepo wa baridi hauwapigi wapishi mgongoni, hakuna atakayetaka kuiziba.

KUNI NA GESI VISICHANGANYWE

Shule nyingi za kaunti hizi hupika vyakula vikubwa kwa kuni, kwa kuwa mikaratusi hupandwa kwa wingi katika nchi ya chai, na hukaanga kwa gesi. Baadhi ya mafundi, ili kupunguza gharama, huunganisha moshi wa majiko yote katika bomba moja. Jambo hilo ni kosa kubwa. Kuni hutoa cheche. Karai hutoa mafuta. Vikikutana katika bomba moja, cheche imepelekwa mahali penye mafuta. Kila namna ya jiko iwe na njia yake ya moshi. Chujio lililo juu ya jiko la kuni au makaa nalo liwe juu zaidi, kama futi 4 kutoka kwenye moto, ambapo juu ya jiko la gesi futi 1 na nusu hutosha.

Kuni nazo zikauke vizuri chini ya paa kabla ya kutumiwa. Kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yake mwenyewe, na moshi wake hujaza dohani masizi yanayowaka.

MOTO UKITOKEA

Karai likiwaka, gesi ifungwe na karai lifunikwe kwa kifuniko cha chuma au blanketi la kuzimia moto, kisha liachwe mpaka lipoe. Lisibebwe kupelekwa nje. Maji yasitiwe kabisa. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutanuka mpaka kama lita 1,700, na mvuke huo hurusha mafuta yanayowaka chumba kizima. Kizima moto cha jikoni ni kile kilichotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya kupikia, nacho kiwekwe karibu na mlango, si nyuma ya jiko.

Moto ukiingia bombani, watu watoke na zimamoto iitwe kwa simu namba 999 au 112. Habari ya feni, iwapo izimwe au iachwe, hutegemea jinsi mtambo ulivyojengwa. Fundi aliyeufunga na aulizwe mapema, na jibu lake libandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Barabara za mashambani huteleza wakati wa mvua, na gari la zimamoto laweza kuchelewa. Hivyo ulinzi wa kwanza ni ule uliofanywa jana jioni kwa burashi na maji ya moto.

WAJIBU NI WA NANI?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, yamtaka mwenye mahali pa kazi awakinge wafanyakazi wake na moshi na vumbi linalodhuru. Kwa hiyo wajibu haumwangukii mpishi peke yake. Mwenye hoteli, mwalimu mkuu au msimamizi wa hospitali ndiye anayepaswa kununua glavu, ngazi, sabuni, na machujio ya akiba ili mengine yakilowekwa kazi isisimame. Tena ndiye anayepaswa kutoa saa ya kazi hiyo. Mpishi aliyeanza kazi saa kumi alfajiri hawezi kulaumiwa kwa kutoosha machujio usiku, ikiwa hakuna aliyempa muda wala malipo ya kuosha.

Daftari moja latosha kuweka mambo sawa. Kila siku iandikwe tarehe, jina la aliyeosha, na kasoro iliyoonekana. Bwana afya akija atalitazama. Fundi akija ataona ni lini feni ilianza kulia. Na mpishi mpya atajua kazi yake bila kuuliza. Daftari hilo litundikwe jikoni, si kufungiwa ofisini.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Jikoni maneno hayo ni ya kweli mno. Kikombe cha mafuta kilichomwagwa leo ni kazi ya dakika moja. Kikiachwa mwaka mzima, mafuta yake huwa kuni zilizopangwa darini, juu ya vichwa vya watu wanaopika na mamia wanaongoja kula.